Bomba la Kioo

Kuna dawa haikubali plastiki,
huila kama mchwa alavyo mwimo wa mlango.
Kwa hiyo Urambo, wodi ya mwisho, nyuma ya tangi,
nilikuwa na bomba moja la kioo.
Nalichemsha alfajiri kwenye jiko la mafuta ya taa,
nalianika juu ya shashi likauke,
likauke hasa,
maana tone moja la maji likibaki
dawa inaganda
na siku ya mtu imepotea.

Mihambo Kapela aliletwa na baiskeli,
amefungwa kwa khanga mgongoni mwa shemeji yake
tangu pori la Ugalla.
Mrina asali. Wiki ya tano sasa
analala saa sita mchana, tonge mkononi,
na usiku anaamka kuisemesha mizinga isiyokuwepo.
Ndugu zake walisema mvivu.
Nyanzala, mkewe, alisema karogwa, na mrogaji anamjua.
Ntabaye wa maabara akainamia darubini,
tone la maji ya mgongo chini ya kioo,
akasema ndorobo.

Sindano kumi, siku kumi.
Ndani yake mna aseniki.
Neno hilo nililitamka mara moja tu,
kwa Nyanzala, kwa sababu aliuliza:
ni sumu?
Nikajibu, ni sumu inayojua njia.
Halafu usiku ule nikajirudi:
haijui njia hata kidogo.
Njia naijua mimi,
kidole changu juu ya mshipa wa kiwiko,
sindano ikiteleza nje kidogo tu, nyama inakufa.
Nasukuma polepole
nikihesabu pumzi, zake, si zangu.

Usiku yeye macho, mimi zamu.
Napima homa, nabadili shuka, namshika akielekea mlangoni.
Siku nyingine maneno yalimjia yakiwa mazima:
"Nyuki humkimbii. Unapanda taratibu,
moshi mbele, mkono nyuma ya moshi.
Mkono ukitetemeka wanajua."
Nikautazama wangu.

Kitanda cha pili alikuwa Shija, kijana wa Kaliua.
Siku ya saba ya dawa, si ya ugonjwa.
Nilimwosha mwenyewe.
Sina la kuongeza hapo.

Basi Mihambo alipofika siku ya sita
akashika kichwa, akasema jua limeingia ndani,
nilishajua kabla ya kipimajoto.
Degedege lilimkuta nimeshamlaza ubavu.
Nyanzala alikuja na kijiko amtie mdomoni,
nikasema hapana, kaa hapa, mshike bega,
mwite jina lake.
Akaliita. Akaliita mpaka sauti ikakauka,
mimi natafuta mshipa mwingine wa dawa ya kutuliza,
bomba la kioo nimelifungia kabatini
kama mtu afungiavyo mbwa aliyeuma.

Siku tatu za kumgeuza, huku, kule,
kumpaka mafuta visigino,
kumdondoshea maji kwa pamba.
Siku ya nne akafumbua jicho moja, akasema
uji huu hauna chumvi.
Nilitoka nje, nikasimama karibu na tangi
mpaka nikaweza kurudi.
Zilibaki sindano nne.
Tulizimaliza, pole kuliko zile za kwanza.

Alirudi mwezi wa saba, kwa miguu yake,
na ndoo ya asali nyeusi ya miombo.
Akampa Ntabaye, kwa kuwa ndiye mwenye koti jeupe.
Mimi akaniambia "mwangaluka, mama,"
kama unavyomsalimu mtu yeyote njiani,
akaniuliza choo kiko wapi.

Sikuudhika. Alikuwa amelala.
Nilimwonyesha, na mkono wake ulipopita
niliuona mshipa wa kiwiko,
mgumu, umejikunja kama kamba ya gome,
nikaujua
kama mtu anavyojua mwandiko wake.

Nikarudi ndani.
Kitanda cha pili kilikuwa na mtu mpya.
Bomba lilikuwa juu ya shashi,
bado halijakauka.